Familia ya Leo

Siku ya nne pale gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, Mama Mbelu alikuwa amekwisha kuzikataa familia kumi na moja, na kwa kila moja alijichukia zaidi kuliko alivyowachukia wale waliowafukuza.

Alikuwa amekaa nyuma ya dawati la shule, mkono wa kuume wa Tata Tshibangu, mwenyekiti wa komite. Komite yenyewe ilikuwa ya watu waliofukuzwa, maana hata waliofukuzwa hawakosi komite. Mbele ya dawati foleni ilikwenda mpaka kwenye bohari ya mizigo, ikapinda, ikapotea kati ya magodoro, masufuria na watoto wanaoharisha. Wote walikuwa watu wa asili ya Kasai. Babu zao waliletwa huku na wazungu kuchimba shaba, wakaichimba, wakazaa, wakazikwa. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, migodi imeporomoka, mishahara imekuwa hadithi, na wakubwa walipotafuta wa kumbebesha lawama hawakwenda mbali. Mtaani waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mdudu haulizwi kama anapenda kuhama, anafagiwa tu.

Mbelu alizaliwa Mutoshi, hapohapo karibu na Kolwezi. Baba yake alichimba Mutoshi miaka thelathini, na kaburi lake liko hukohuko Mutoshi. Lugha ya Kasai aliiongea vibaya kiasi kwamba wakwe zake walikuwa wakiangua kicheko kila alipofungua mdomo. Eti leo "arudi kwao". Kwao wapi? Kila alipolisikia neno hilo alitamani kumtandika mtu kofi, na kwa kuwa wenye kustahili kofi hawakuwa karibu, hasira ilibaki kifuani ikichacha.

Kazi ile ya mezani alijitakia kwa mdomo wake mwenyewe. Treni zilikuwa chache, na zilipokuja zilikuwa na mabehewa ya kubebea madini, hayana paa wala viti. Watu waliandikishwa kwa familia. Lakini nani ni wa familia ya nani, wakati karatasi zimeungua pamoja na nyumba? Ajabu ya watu hawa ni kwamba walipokimbia waliacha cherehani, waliacha vitanda, waliacha hata bukari, ugali wao, motoni, wakabeba picha. Hapakuwa na mama asiye na bahasha ya picha kifuani. Basi komite ikaamua kwamba picha ya familia ndiyo itakuwa ushahidi. Wajanja nao hawalali: wakaanza kukata sura za ndugu na kugundisha za wateja waliotaka nafasi. Tata Tshibangu akalalamika. Ndipo Mbelu, kwa majivuno ya fundi, akasema:

"Foto ya kwangu haidanganyike, Tata. Mi nakata na kisu ya meno, pande zote ine. Mutu akiikata tena, meno inapotea. Mi nitaona, hata macho ikifungwa."

Ilikuwa kweli. Studio yake pale mtaa wa Manika, aliyoachiwa na marehemu mume wake, ndiyo iliyopiga nusu ya mji huo, na kila picha iliyotoka pale ilikuwa na ukingo wa vijimeno vidogo kama wa biskuti, na muhuri mgongoni. Tshibangu alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka ishirini, na sheria aliipenda kama wengine wanavyopenda pombe. Akaandika papo hapo: picha isiyo na meno pande nne haikubaliwi, na mwenye kuhakikisha ni Mama Foto.

Jana yake alimkataa Mama Ndaya, mjane mwenye watoto watatu, kwa sababu waporaji walipokuwa wakigombania kabati lake waliichana picha, na ukingo mmoja ukaenda nao. Mbelu alimjua Ndaya tangu wote wawili wakiwa wasichana. Alipitisha kidole, akakosa meno, akatikisa kichwa. Ndaya hakulia. Alimtemea mate miguuni, na Mbelu akayafuta kwa unyayo wake mwenyewe bila kusema neno, kwa kuwa aliona amestahili.

Sasa, saa nne ya asubuhi, aliinua macho akawaona Kabasele na Kanku wamefika mbele ya dawati, na moyo ukamruka. Hawa walikuwa batu ba Lundi, watu wa Jumatatu.

Kila Jumatatu studio ilikuwa inafungwa. Kibao cha mlangoni kilisema wanasafisha. Ilianza na huyu Kabasele, miaka mitatu kabla, alipokuja kupiga picha ya karatasi za shule. Mbelu aliingia chumba cha giza kubadili filamu, na alipotoka alimkuta kijana amesimama mbele ya kioo, mabegani amejitanda shela ile ambayo studio iliwaazima mabibi harusi. Kijana akaganda, akingoja kupigwa. Mbelu akamtazama kwa jicho la kazi. Kwenye picha ya shule alikuwa amekaa kama mtuhumiwa. Pale kiooni alikuwa mtu mzima, mzuri, mwenye macho yanayoona mbali.

"Usitoe," alimwambia. "Ikala. Inua kidevu."

Wiki iliyofuata kijana akarudi na rafiki yake Kanku, msichana aliyenyoa nywele zote na kuomba koti la kiume na tai. Kisha wakaja wengine. Walifika kuwa tisa: wavulana waliopenda wavulana, wasichana waliopenda wasichana, na wengine ambao hawakujua wajiiteje, na Mbelu hakuwabana watafute jina. Kila Jumatatu Kabasele aliitwa Jocelyne, jina la kike, na akiitwa hivyo aliitika. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba hakuna kuinamisha kichwa. Nyumbani walikuwa wamefundishwa kutazama chini mpaka shingo zikazoea, na Mbelu aliweza kumaliza nusu saa akiinua kidevu kimoja. Picha ikikauka aliitia mkononi mwa mwenyewe akasema, "Angaria muzuri. Huyu haombe musamaha kwa mutu."

Walizificha katika viatu, ndani ya magodoro, chini ya bati. Mmoja wao alikuja kumsimulia kwamba kuna siku alikwenda mtoni na nia mbaya, akavua viatu, akaiona ile picha, akavivaa tena akarudi nyumbani. Mbelu alipoyasikia hayo alikasirika wiki nzima, asijue amkasirikie nani kwanza: mzazi, padri, mwalimu, au mji mzima. Na siku waporaji walipoingia Manika, kabla hajashika hata sufuria, alizichoma filamu zote za Jumatatu uani, moja baada ya nyingine, ili asiwepo wa kuzikuta.

"Famille gani?" aliuliza Tshibangu bila kuinua macho.

Kabasele alisogea karibu na dawati. Aliyeulizwa na aliyeuliza walikuwa na paji moja la uso na masikio yaleyale. Mwenyekiti wa komite alikuwa baba yake mzazi.

"Tata, ni mimi."

"Nauliza famille gani. Foto iko?"

"Foto ya kwetu iko na weye."

"Kama foto hapana, utoke mu musitari. Batu banangoja. Wa nyuma!"

Mbelu alimgeukia mwenyekiti akidhani ni utani mbaya. Uso wa Tshibangu ulikuwa mkavu kabisa, na kalamu yake ilikuwa tayari imeelekezwa kwa familia inayofuata. Mbelu aliinuka, akaacha dawati, akawafuata vijana nyuma ya bohari.

Kabasele alisimulia huku akichora chini kwa kidole cha mguu. Siku nne zilizopita, wakifunga mizigo, baba yake aliinua godoro akaikuta picha ya Jumatatu, Jocelyne na shela yake. Hakupiga kelele. Aliichana vipande vipande, akakaa kitandani, akasema: "Mi niko na batoto bane," yeye aliyezaa watano. Basi. Tangu hapo kijana alikuwa akilala nje ya bohari, na chakula alikula cha Kanku. Kanku naye alikuwa akilelewa na mjomba wake, na mjomba alipanda treni ya Jumamosi na nyumba nzima, akamwambia kwamba nafasi ni ya wasichana wanaotaka kuolewa.

"Na mama yako?" Mbelu aliuliza.

"Mama eko. Anainama tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Mbelu alitamani mtunga methali ile aletwe pale gare, akalishwe karibu na Kabedi, mke wa Tshibangu, aliyekuwa amekaa juu ya mizigo siku nne akitazama vidole vya miguu yake, mtoto wake wa kwanza akilala kwenye kokoto hatua arobaini kutoka hapo. Lakini alijua pia kwamba ile picha ya chini ya godoro aliipiga yeye. Kwa hiyo alijikasirikia pia, na hasira ikawa na matawi mengi.

Hapakuwa na muda wa kuipogoa. Treni ilitazamiwa kesho, na walisema haitakuja nyingine mwezi ule. Walioandikwa walilala ndani ya uzio, wakilindwa na askari wawili. Wasioandikwa walilala nje, na huko vijana wa brigedi, genge la wafukuzaji, walipita na minyororo ya baiskeli wakichagua. Siku mbili kabla walimchagua fundi viatu mmoja, na asubuhi kilichorudi kilikuwa kiatu.

"Mungoje hapa," Mbelu alisema.

Kamera yake ya zamani ilikuwa ndani ya gunia la unga, imefungwa kwa kitenge. Filamu ilikuwa imebaki mikato mitatu. Karatasi za kusafishia picha alikuwa nazo chache katika bahasha nyeusi, na dawa mbili katika chupa za bia, maana fundi anaweza kuacha nyumba lakini haachi dawa. Akageuza ndoo, akaiweka mbele ya ukuta wa bohari. Kamera akaisimamisha juu ya masanduku ya watu, akakivuta kile kijiti kinachoipa kamera muda wa kungoja, akakimbia akakaa juu ya ndoo katikati yao: Kabasele kulia, Kanku kushoto, mikono yao mabegani pake kama watoto wa nyumba moja.

"Inueni bidevu," aliamuru.

"Na weye, Mama," Kanku akasema.

Mbelu akagundua kwamba kidevu chake mwenyewe kimelala kifuani, na pengine kilikuwa kimelala hivyo siku zote nne. Akakiinua. Kamera ikalia.

Mlinzi wa gare alimfungulia kijichumba cha tiketi kisicho na dirisha. Akafunga kilemba chekundu juu ya tochi, akasafisha filamu, akaikausha kwa kuipepea, akaibana juu ya karatasi kwa kipande cha kioo, akaimulika kwa tochi tupu. Kufikia saa tisa alikuwa na picha ndogo ya pembe nne sawa, isiyozidi kiganja cha mtoto. Watatu walimtazama kutoka ndani yake bila kumwogopa mtu. Akaipunguza kingo kwa mkasi wa kuazima, kwa kuwa kisu chake cha meno kilikuwa kimebaki Manika mikononi mwa wezi. Akaugeuza mgongo, akapiga muhuri wa studio, kisha akachukua kalamu aandike tarehe.

"Mama, weka ya zamani," Kabasele alimsihi. "Weka ya mwaka iliyopita. Nani atajua?"

"Mi sitadanganya juu ya kuogopa Tshibangu. Nitaweka ya leo, na ataikula vile iko."

Hapo iliyosema ni hasira, si akili. Akaandika tarehe ya siku ileile, kwa wino mzito.

Hakurudi upande wa komite. Alisimama upande wa foleni, na watu walipomwona wakamwachia njia, wengine kwa heshima, wengine kwa chuki. Ndaya alikuwepo, bado anazunguka na watoto wake watatu kama asiyekubali kwamba amekataliwa. Mbelu aliiweka picha juu ya dawati.

"Famille Mbelu. Batu batatu."

Tshibangu aliichukua kwa ncha za vidole. Akaitazama muda mrefu kuliko alivyotazama picha nyingine yoyote.

"Hii foto ni ya leo. Ingali mubichi."

"Njo vile. Famille nayo ni ya leo."

"Haina meno."

"Kisu yangu banaiba."

"Mama Foto," alisema Tshibangu, sasa akitabasamu, sauti ikiwa ya upole kabisa, ya karani anayemwambia mjane arudi kesho. "Hii sheria si ya kwangu. Weye mwenyewe ulisema meno. Ulikatala Ndaya juu ya meno. Leo unaleta foto ya kipara?"

Watu wakacheka. Mbelu aliwaacha wacheke mpaka wamalize.

"Njo mi nilisema," akajibu. "Basi tuifuate mpaka mwisho. Foto ya kila mutu tuliona. Ya mwenyekiti hatuyaona. Toa."

Kicheko kikakatika. Tshibangu alisema familia yake inajulikana. Sauti kutoka foleni ikamjibu kwamba hata yao inajulikana. Akasema picha iko kwenye mizigo. Sauti nyingine ikasema iko ndani ya Biblia yake, walimwona akiitazama. Ikabidi aifungue ile Biblia.

Mbelu aliipokea na kufumba macho, kama alivyowaahidi kwamba anaweza. Kidole kikapita juu: meno. Chini: meno. Kushoto: meno. Kulia kikateleza bila kugusa kitu. Alifumbua macho. Aliikumbuka siku ile vizuri. Watoto walikuwa watano, na mkubwa alisimama kulia kabisa, na Tshibangu mwenyewe ndiye aliyepiga magoti kumfunga tai huku akimwita bwana mkubwa. Sasa watoto walikuwa wanne, na upande wa kulia uliishia kwenye bega la mama.

"Ndaya, kuya," aliita. "Pitisha kidole."

Ndaya akaja, mtoto mgongoni. Akapitisha kidole polepole, akarudia.

"Meno hapana," alisema. "Inakatwa na wembe."

Kelele zilizozuka hapo ziliwaamsha hata waliolala ng'ambo ya reli. Sheria ni sheria! Atoke! Sisi banatuacha inje, yeye anapanda? Kisima alikichimba mwenyewe, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Wengine, waliokuwa nyuma, waliuliza ni nani aliyekatwa, na mwanamume mmoja mwenye kofia akawajibu kwa sauti ya kuwachekesha watu:

"Si ule mutoto wake wa kuvaa robe ya banamuke! Alifanya muzuri kumukata! Hata mi ningemukata!"

Wakacheka tena. Kwa macho yake Mbelu aliona kidevu cha Kabasele kikianza kushuka, kile alichokifanyia kazi miaka mitatu, na kitu ndani yake kikapasuka.

"Nani anacheka?" Alipanda juu ya kiti cha komite. "Nani? Weye wa chapeo? Jana banakuita kilulu, ulilia mbele ya batoto yako, nilikuona! Leo na weye umepata kilulu ya kwako? Banatufukuza juu ya mahali baba zetu balizaliwa. Kosa yetu ni nini? Hakuna! Na huyu mutoto, kosa yake ni nini? Aliiba? Aliua? Alichoma nyumba ya nani? Tunafukuzwa, na mu njia tunafukuzana! Kila mutu anatafuta mududu mudogo wa kukanyaga, apate kujisikia mutu!"

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na pale gare walikuwepo wengi ambao jeraha lao lilikuwa bado linavuja huku mkono tayari umeshika mkuki. Mwenye kofia alisogea nyuma ya mkewe. Hakuna aliyepiga makofi. Walitazama reli, wakatazama mizigo yao, na mtoto mmoja akaendelea kulia kwa sababu zake mwenyewe.

Mbelu alishuka. Ile picha iliyokatwa bado alikuwa nayo mkononi, na alijua uzito wake. Neno moja tu lingetosha. Ndaya alikuwa ameshasema, lakini mwenye kuhakikisha alikuwa yeye: aseme haikubaliwi, na Tshibangu na nyumba yake yote wangelala nje usiku huo pamoja na waliowakataa. Alilitaka neno lile. Lilikuwa mdomoni, tamu, na akafungua mdomo.

Kabasele akamshika mkono.

"Mama, usiseme. Mutoto wa mwisho eko na homa tangu juzi. Uache bapande."

Mbelu alimkasirikia hata yeye. Huruma hiyo aliitoa wapi, na nani aliwahi kumwonyesha? Lakini huyo wa mwisho, kichwa kikubwa, miguu kama vijiti, kweli alikuwa amelala juu ya magunia akihema. Akaiweka picha juu ya dawati.

"Sheria ya meno imekufa leo," alisema. "Mi niliizaa, mi nimeiua. Utaandika bote: Ndaya, na bale kumi bengine, na mwenye foto ya kuchanika, na famille yangu. Ukikatala mumoja, nasema mbele ya hawa batu foto yako haikubaliwe, na wenyewe bataamua."

Tshibangu aliwatazama watu. Kisha akafungua daftari. Mistari yake aliipiga mwenyewe kwa rula, vijumba vitatu kwa kila mtu: jina, miaka, jina la baba. Akamwandika Mbelu. Akamwandika Kanku, ambaye kwenye kijumba cha baba alimtaja baba yake aliyefariki. Akamwandika Ndaya na watoto wake, ingawa haikuwa zamu yake, kwa kuwa Ndaya alikuwa amelishika dawati kwa mikono miwili. Mwishowe akabaki mmoja.

"Jina?"

"Kabasele. Ni jina ya nkambo, ya babu. Hukunipa weye."

Akaandika.

"Miaka?"

"Makumi mbili."

Akaandika. Kalamu ikafika kwenye kijumba cha tatu. Angeweza kukiruka, hakuna ambaye angesema kitu. Lakini miaka ishirini ya ukarani haimruhusu mtu kuacha kijumba kitupu, au pengine alitaka watu waendelee kuamini kwamba huyu hamjui. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Jina la baba?"

Mbelu alilishika dawati. Hakuwa amewahi kusikia swali chafu kama lile, na maisha yake hayakuwa ya usafi.

"Alikufa," alisema Kabasele.

"Hiyo haiko jina. Marehemu nani?"

"Marehemu Tshibangu."

Sauti ya kijana haikuwa na ukali. Alijibu kama anavyojibu mtu anayeandikishwa. Tshibangu alikaa na kalamu juu ya karatasi mpaka wino ukaanza kutengeneza doa, na nyuma Ndaya akasema, "Andika, Tata, tunangoja." Akaandika. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo upande wa kulia, kama wa siku zote.

Kule kwenye mizigo Kabedi, jibu la mwanawe limemfikia, aliinuka. Kwa mara ya kwanza katika siku nne Mbelu alimwona uso wake wote, na akadhani anakuja kumchukua mwanawe. Hakuja. Alifungua kilemba, akakiacha kianguke. Akavua viatu. Akaketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyosha mbele, mikono juu ya kichwa kitupu, kama anavyoketi mwanamke ambaye mume wake amelala ndani akingoja jeneza.

Wanawake waliokuwa mbali hawakuwa wamesikia lolote. Waliona tu mama amekaa hivyo, na jambo kama hilo haliulizwi kwanza. Mmoja akaacha foleni, akaja, akavua kilemba, akaketi karibu naye. Wa pili akafuata. Ndaya akamteremsha mtoto mgongoni akaenda naye. Muda si muda walikuwa saba, kisha kumi, na mmoja akaanza taratibu kuimba wimbo wa matanga.

"Pole, mama," aliuliza bibi mmoja. "Nani alikufa?"

"Bwana yangu," Kabedi alisema, akimtazama Tshibangu.

Tshibangu alifunga daftari. Alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaenda mpaka pale walipokaa, akainama juu ya mkewe.

"Kabedi, simama," alisema kwa sauti ya chini. "Batu banaangaria."

Hakusimama.